Nusu Kidonge Baada ya Isha

Mdogo wangu wa mwisho alipoolewa Pangani, ng'ambo ya mto, nilibaki peke yangu katika nyumba ya wazazi wetu, Chumbageni. Wadogo zangu wawili wa kiume walikuwa wameshaondoka, mmoja Dar es Salaam, mmoja Arusha, kila mtu na kazi yake na mke wake. Mimi sikuwa nimewahi kulala chumba kitupu. Wazazi walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikaunganisha vitanda viwili, tukalala wanne: mimi ukingoni upande wa mlango, yule wa mwisho ubavuni mwangu. Nilizoea kulala huku nasikiliza. Pumzi ikibadilika najua nani ana homa, nani analia chini ya shuka.

Sasa hapakuwa na pumzi ya kusikiliza, na usingizi ukanikimbia.

Jirani yangu wa ng'ambo ya uchochoro akanifundisha vidonge vya mafua, vile vidogo vya njano. Alisema yeye akimeza hulala fofofo. Nikanunua, nikameza, nikalala kweli. Tabu ilikuja asubuhi. Kinywa kikavu, ulimi mzito, kichwa kama kimefungwa kanga iliyoloa. Kazi yangu ni kudarizi kofia, na kofia ina vile vitundu vidogo ambavyo ukikosea kimoja safu nzima inakwenda upande. Nikawa nakosea, nafumua, nakosea tena. Mpaka kwenye sala. Alfajiri moja nilitoa salamu nikabaki nimekaa juu ya msala, sijui nimeswali rakaa mbili au moja. Nikarudia. Na ya pili nayo sikuwa na hakika nayo.

Ningeweza kuishi hivyo, maana hakuna aliyekuwa akinitazama. Lakini mdogo wangu akapata mimba.

Kwetu mimba ya kwanza hurudi nyumbani. Binti hujifungulia kwao, mama yake akamkanda kwa maji ya moto, akamwogesha mtoto, akampikia uji wa pilipili manga, mpaka arobaini itimie. Mama hatuna. Nafasi ile ilikuwa yangu, na niliingoja kuliko nilivyopata kungoja jambo lolote langu mwenyewe. Mimi sikuolewa, waliokuja kuniposa walinikuta mikono imejaa, wakapita.

Mama mkwe wake akataka kwanza aje akione chumba. Ilikuwa haki yake. Nilifagia, nikatandika shuka mpya, nikanunua beseni la kumwogeshea mtoto. Nilimeza kidonge changu kama kawaida, lakini wasiwasi ukaniamsha katikati ya usiku, nikaongeza kingine. Alfajiri niliswali, nikaketi kitandani nijinyooshe kidogo.

Kilichoniamsha ni jirani akipiga dirisha. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilipofungua mlango niliwaona wageni wangu wamekaa barazani kwake, mdogo wangu na tumbo lake, mkwewe na kikapu cha nazi miguuni. Walikuwa wamevuka mto kwa kivuko cha kwanza.

Nilimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumebisha hodi mpaka kuku wakaitikia."

Jirani alicheka. Mdogo wangu alitazama chini.

Niliwaingiza, nikabandika chai. Mama yule alikitazama chumba, akaishika shuka, akasifu beseni. Hakuwa mkali. Aliniuliza kama naumwa, nami nikamweleza habari ya vidonge, kwa kuwa sikuwa na jingine la kusema na macho yangu yalikuwa bado yanafumba yenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma:

"Mimi sina neno nawe. Ila mtoto mchanga hangoji mtu aamke. Huyu naona tumrudishe, azalie kwangu."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anazungusha kikombe mkononi. Akasema, "Mama, mpe dada muda."

Nikaomba mpaka mwezi uandame. Mama akakubali. Akasema atakuja tena mwenyewe, na siku hiyo hataniarifu.

Walipoondoka nilivichukua vidonge vilivyobaki nikaenda navyo duka la dawa. Muuzaji alikuwa kijana wa kike mwenye ushungi wa buluu. Aliniambia hivi ni vya mafua na kuwashwa, kusinzia ni athari yake tu, tena hukaa mwilini muda mrefu. Mtu akivimeza usiku wa manane vitamfuata mpaka mchana. Hakuniuzia kingine. Alinielekeza kwa daktari.

Daktari naye aliuliza mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nalala na nani? Nakunywa chai saa ngapi? Kabla ya haya nilikuwa nalalaje? Nilimwambia nakunywa chai ya rangi mpaka usiku, ndiyo inayonikalisha na sindano. Akanipa vidonge vichache vya aina nyingine, nimeze nusu, si kila siku. Nimeze mapema, nikishaswali Isha, ili niwe na usiku mzima mbele yangu. Nikishtuka katikati nisiongeze, na nisichanganye na dawa ya kikohozi wala ya mafua. Asubuhi nitoke nje kwenye mwanga kabla ya kushika kazi. Nilipomwambia kuhusu mtoto anayekuja, akaweka kalamu chini. Akasema siku nitakayolala chumba kimoja na mtoto mchanga nisimeze kabisa, hata hiyo nusu.

Nikafuata. Chai nikaikomesha alasiri. Usiku wa kwanza nilishtuka, mkono ukaenda wenyewe mezani, nikaurudisha. Nililala macho wazi nikisikiliza mabati. Usiku mwingine pia. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba navumilia. Lakini asubuhi zikaanza kufunguka kidogokidogo. Nikawa natoka barazani kungali baridi, naketi na kofia yangu, vitundu naviona. Siku ambayo niliswali rakaa mbili nikajua kwa hakika ni mbili, nilikaa juu ya msala nikashukuru.

Mama yule alikuja mwezi ukiwa bado haujaandama. Nilimwona anaingia uchochoroni peke yake, nikanyanyuka kumpokea mzigo. Aliketi, akanywa maji, akanitazama usoni bila kuficha. Halafu akatoa sindano na uzi kwenye pindo la kanga yake, akaniambia upindo wa buibui lake umefumuka, nimtungie, macho yake mabovu. Nikatunga mara moja. Akaupokea, na huo upindo hakuushona.

"Kitanda cha mzazi kisogeze dirishani," akasema. "Apate hewa."

Mdogo wangu akaja kwa dada yake. Alijifungua salama hospitali, mtoto wa kike, tukarudi naye Chumbageni. Nilimkanda kama nilivyomwona mama akiwakanda shangazi zetu, kitambaa kinachovuta mvuke, tumbo, mgongo, naye analalamika kwamba namchoma na mimi namwambia atulie. Kabla ya kumwogesha mtoto nilipima maji kwa kiwiko, nikapima tena. Vidonge vilikaa juu ya kabati. Nililala kwenye mkeka kando ya kitanda chao, usingizi wa vipande vipande, kwani mtoto akikohoa tu nishaamka. Hata hivyo niliamka mwepesi. Zilikuwapo pumzi mbili chumbani, moja kubwa, moja ndogo yenye haraka.

Arobaini ikatimia. Mume wake akaja na gari la kukodi, wakapakia beseni na nguo za mtoto. Mdogo wangu alinikumbatia, akasema, "Dada, njoo ukae kwetu." Nikamwambia nitakuja. Nyumba ya wazazi haifungwi, naye analijua hilo.

Usiku ule nilimeza nusu yangu baada ya Isha, nikalala. Niliamka kabla ya adhana, kichwa chepesi kabisa, nikaenda jikoni nikawasha mkaa, nikabandika lile sufuria kubwa la maji ya mtoto. Maji yalipochemka ndipo nilipokumbuka. Nikaliepua sufuria. Kisha nikayapooza, nikapima kwa kiwiko, nikaenda kuyaoga mwenyewe.