Korongo Mwenye Pete Mguuni

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na miwili, baba yangu askari polisi akaondoka na vita kutoka kambini Nsambya asirudi, shule yangu ikaishia darasa la nne, na ninachokijua leo nimefundishwa na kuku na mitumba ya soko la Owino. Nasema mapema ili mjue kwamba aibu ninayowasimulia niliipata kwa ujuzi, si kwa ujinga (ujinga angalau husamehewa).

Binti yangu Akello alikuwa anatafuta kazi ya kuongoza wageni kwenye hifadhi moja ya ndege kando ya ziwa, nje kidogo ya Kampala. Alijitolea pale miaka miwili bila mshahara, hadi Januari mwaka jana msimamizi akamwambia: ongoza wageni wanne asubuhi moja, nikikuona unafaa, kazi ni yako. Asubuhi yenyewe mgeni mmoja akaumwa tumbo. Akello akanipigia simu.

"Baba, njoo ujaze nafasi. Kazi yako ni kukaa kimya."

"Kimya? Mimi?"

"Saa mbili tu, bambi, tafadhali."

Nikavaa suti, nikaenda. Wenzangu watatu walikuwa wazungu wenye umri wangu, wamevaa rangi ya majani makavu, wamekuja kutazama ndege waliokimbia baridi ya Ulaya. Yaani watu wamevuka bara zima kuwafuata ndege wa nyumbani kwao wenyewe, na mimi nikanyamaza, kama nilivyoahidi.

Tulisimama kwenye daraja la mbao juu ya matope. Akello akaeleza vizuri, sauti ya chini, msimamizi nyuma yake akitikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akatuonyesha korongo weupe, kama thelathini hivi, akanipa darubini. Ningeikataa, leo ningekuwa mtu wa heshima. Nikatazama, na korongo mmoja, naapa, alikuwa na kitu chekundu mguuni.

Sasa sikilizeni. Kambini kuku wote walichanganyika uwanja mmoja, kwa hiyo kila nyumba ilifunga kitambaa cha rangi yake mguuni mwa kuku wake, na ukimwona kuku wa mtu amepotea ukamwacha, wewe na mwizi ni mamoja. Chekundu kilikuwa cha kwetu. Baada ya miaka yote hii, damu ikanichemka.

"Akello, yule ana mwenyewe," nikanong'ona.

"Baba, kimya."

Nikakaa kimya. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikateremka kimya kabisa.

Hatua ya kwanza matope yalifika kwenye vifundo, ya tatu magotini, na ya tano nikazama hadi mapajani, sina mbele wala nyuma. Basi nikatumia ujuzi: nikachezesha vidole kama mtu anayemwagia kuku mahindi, nikaita kwa sauti yote ya sokoni, "Kuru kuru kuru kuru!"

Korongo thelathini waliruka kwa pamoja. Bata wakafuata, na kila chenye mabawa. Ziwa likabaki tupu. Wazungu, ambao tangu alfajiri hawakusema neno, wakageuza kamera zao zote kwangu.

"Mzee!" msimamizi akaita. "Unafanya nini huko?"

"Namkamata nimrudishe kwa mwenyewe!"

"Mwenyewe nani, ssebo, bwana wangu?"

"Si ana alama mguuni? Ninyi mnalinda nini hapa?"

Akello akainama ukingoni mwa daraja, machozi yakimlengalenga. "Baba, ile ni pete. Wataalamu wa Ulaya humvalisha ili wajue anakwenda wapi."

"Basi ana mwenyewe," nikasema. "Si ndivyo nilivyosema?"

Walinivuta wanaume wanne wa hifadhi kwa kamba. Suruali ilibaki.

Msimamizi hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia tu, "Binti, kiongozi anayeshindwa kumtuliza mgeni mmoja, nitampa wageni wanne?" Akello akasema ndiyo bwana, akanivika kanga yake, tukarudi mjini. Siku nzima nilitaka kumwambia pole, nikamwambia matope yale yana rutuba.

Alipimwa tena mwezi wa tatu. Mimi niliambiwa na jirani, baada ya yeye kufaulu.

Nimeapa: kiumbe chochote kipite mbele yangu na pete, hata na kengele shingoni, nitakitazama kikienda zake. Leo nina vibanda viwili Owino, nyumba ya matofali ya vyumba vitano, kuku arobaini na mbuzi watatu. Nina binti anayeongoza wageni hifadhini kila Jumamosi. Mwaliko sina.