Maji Yaliyopanda Shingoni

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa kwa jirani na kutakiwa kurudi kabla mate hayajakauka chini, shingo yangu ilivimba pande zote mbili, na kijiji kizima kikajua kwamba mimi ni mwizi.

Niwaeleze wasiotoka milimani kwetu Upareni. Huku juu ya Same tuliishi kwa ndiva, yaani bwawa dogo la udongo ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku, kisha asubuhi hufunguliwa yakateremka kwa mfereji hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Zamu ya mtu haikuguswa. Wazee walisema kwamba maji ya wizi hayashuki tumboni mwa mwizi. Hupanda shingoni yakakaa humo mpaka aungame. Wakaongeza kwamba anayeungama uongo mbele ya ndiva, uvimbe humkaba koo akafa. Sisi tulikuwa Walutheri, tukiimba vizuri kila Jumapili, lakini ndiva ilikuwa na Jumatatu yake.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Asubuhi moja ndiva ilikutwa tupu, kizibo chake cha gogo kimetupwa kando. Asubuhi hiyohiyo nilimkuta baba nyuma ya nyumba akinawa miguu. Kati ya vidole vyake mlikuwa na tope jeusi, bichi, wakati ambapo hata njia ya kijitoni ilikuwa vumbi tupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kalete kuni."

Nilipopita bondeni, maharage yetu yaliyokuwa yamesinyaa yalikuwa yameinua vichwa. Niliona, nikaenda kutafuta kuni. Nilikuwa mtoto wa kutazama kuliko kusema, na uzee haujanibadilisha.

Wakati huo vivimbe vilikuwa vimekwisha kuanza, na ndani ya siku chache vikawa vikubwa kiasi kwamba kidevu changu kilipotea. Bibi, mama yake baba, alivibonyeza kwa vidole gumba.

"Panauma?"

"Hapaumi, bibi."

Akaondoa mikono kama aliyeshika kaa la moto. "Jipu huuma," akamwambia baba. "Maji hayaumi."

Habari ilifika kwa mzee wa ndiva kabla ya jioni. Sheria ilijulikana: nyumba ya mwizi hunyang'anywa zamu mpaka mvua zinyeshe. Lakini mtoto hana zamu. Mtoto akiungama, hupakwa tope la ndiva, yakaisha. Baba alinichukua hadi ubavuni mwa zizi la mbuzi.

"Utasema ni wewe."

"Lakini baba, mimi si—"

"Sisi tukinyang'anywa maji, wadogo zako watakula nini?"

"Nitakufa, baba."

"Hutakufa," alisema, akiwatazama mbuzi.

Pembe ikapigwa kuita watu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja, ili tope lichotwe wakati ndiva ni tupu. Walikuja wote na majembe. Nikasimamishwa ukingoni, shati limefunguliwa kola.

"Ee! Katoto kadogo, koo kama ndiva!" mama mmoja akasema, wenzake wakacheka.

"Msimcheke, atawamwagikia!" mwingine akaongeza.

Mzee wa ndiva hakucheka. "Mwanangu, nani alikutuma?"

Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa ameinama katikati ya bwawa, akichota tope kwa bidii kuliko watu wote.

"Kiu," nikajibu.

Mzee akanipaka tope baridi, akapiga funda la maji na kulipuliza upande wa mawio. Tangu siku hiyo kila nilipomeza mate nilisikiliza kama koo limeanza kufunga. Maharage yakavunwa. Baba akanipakulia bakuli la kwanza, kabla ya bibi, jambo lisilo desturi. Nilikula, sikufa. Mvua zikaja, zikapita, vivimbe vikapungua kidogo kidogo mpaka shingo ikarudi kuwa shingo.

Hapo ndipo niliposalitiwa mara ya pili, na mwili wangu wenyewe. Anayeungama uongo hufa, mimi nilipona, kwa hiyo sikuwa nimesema uongo. Niliamini kwamba lazima nilikwenda ndivani nikiwa usingizini, na kwamba lile tope la vidoleni mwa baba niliota. Nikakua na jina la Mwizi wa Maji. Nilipokwenda kuposa, baba mkwe aliuliza kwanza habari za maji, ndipo akauliza habari za mbuzi. Baba, katika ugonjwa wake wa mwisho, aliniita nikae karibu, akanipapasa shingo kwa muda mrefu. "Ilipona vizuri," alisema. Nililia, nikidhani ni upendo.

Juzijuzi, nikiwa mzee niliyejifunza kusoma kwa vitabu vya wajukuu, vivimbe vilirudi. Hospitalini walikata kipande kidogo, wakakipima. Daktari alikuwa binti wa umri wa mjukuu wangu.

"Shikamoo, babu. Si kansa, wala si kifua kikuu. Ni seli za kinga, zile zinazofagia uchafu mwilini, zimejazana kwenye tezi. Ni ugonjwa adimu, lakini kwa kawaida si wa kuogopesha. Uliwahi kuvimba hivi?"

"Utotoni. Niliiba maji."

Alicheka mpaka alipoona sicheki. "Ulitibiwa kwa dawa gani?"

"Kwa tope."

"Siwezi kuapa, babu, lakini huenda ulikuwa huuhuu. Mara nyingi hupotea wenyewe."

Nilimwomba aniandikie hayo kwa Kiswahili. Nyumbani nilisoma taratibu, kidole kikaganda chini ya neno moja: wenyewe. Si tope, wala si kuungama. Basi macho yangu ya utotoni yaliona sawasawa, nami nikayaita ya uongo maisha yangu yote, kwa ajili ya heshima ya baba, aliyeujua ukweli.

Wizi nimemsamehe, watoto walikuwa na njaa. Kinachoninyima usingizi ni kutojua kama baba aliamini habari za ndiva. Kama hakuamini, alinivika uongo akaniacha nizeeke nao. Lakini kama aliamini, kama bibi alivyoamini na kijiji kizima kilivyoamini, basi siku ile ya msaragambo alinisikia nikitamka neno la kuniua, akaendelea kuchota tope.