Sharti la Saa Mbili Asubuhi

Baba hakuwa akibipu kwa kubana vocha. Hapendi tu maongezi ya simu. Akishamaliza kukamua ng'ombe anapiga, inalia mara moja, anakata, maana yake nimeamka. Tangu mama afariki alikuwa akiishi peke yake kihambani, kwenye shamba letu la migomba la ukoo, juu ya mji wa Mkuu, Rombo, na ndugu zangu wawili, mmoja Dar na mwingine Mwanza, walishanipa cheo bila kuniuliza: wewe uko Moshi, wewe ndiye wa karibu.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za watu kwa mbali, nikiwa chumbani. Siku nzima naweza nisiongee na mtu zaidi ya mama muuza mboga. Mtu wa namna hiyo ukimkabidhi baba yake, anaandika skripti, programu fupi ya kufanya kazi hiyo badala yake. Simu yangu ya zamani, yenye namba aliyokuwa akiibipu baba, niliiunganisha na kompyuta. Kila saa mbili asubuhi skripti ilifungua faili jipya la siku hiyo, baba akiwa amebipu ikaandika humo, kisha ikapima sharti moja. Likiwa kweli, ndugu zangu watumiwe ujumbe: "Baba ameamka salama." Lisipokuwa kweli, kompyuta inipigie kelele. Nilijisifu sana. Miezi minne kelele hazikulia hata mara moja, na mimi nikaacha kabisa kumpigia.

Jumatano moja natafuta namba ya fundi kwenye simu ile, nikaona baba alibipu mara ya mwisho Jumapili. Na asubuhi hiyohiyo ujumbe wa salama ulikuwa umekwenda! Nilifungua skripti. Kwenye sharti nilikuwa nimeweka -e, inayouliza: faili lipo? Nilipaswa kuweka -s, inayouliza: lipo, na lina kitu ndani? Mjinga mimi. Faili lilikuwepo siku zote, kwa kuwa skripti yenyewe ndiyo iliyolitengeneza. Siku tatu lilikuwa tupu, na siku tatu jibu lilikuwa kweli.

Nikapiga. Simu yake imezimwa. Njia nzima ya kwenda Rombo nilikuwa namzika baba yangu kichwani, nikiwaza nani atakuwa amemkuta.

Nilimkuta akimkatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo kuna nini?"

"Simu yako haipatikani."

"Niliizima Jumatatu. Nilitaka nione nani ataniuliza." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Huyu ng'ombe ndiye aliyeniita. Na yeye ni kwa sababu ya njaa tu."

Nilitaka kumweleza habari za faili nikashindwa, kwa aibu. Nikaenda mpakani mwa kihamba, nikakata jani la isale, mmea tunaopanda mipakani, nikalipiga fundo kama tunavyoomba msamaha mtu akimkosea mkubwa wake, nikampa kwa mikono miwili. Kwetu isale halikataliwi. Alilipokea akaligeuzageuza, nami nikasimama pale nikiwa na umri wangu wote huu, natamani anigombeze.

"Hili ni lako, au ni lenu nyote?"

"Ni langu, baba. Wenzangu hawajui kitu."

"Wanajua nini kuhusu mimi?"

"Kwamba leo umeamka salama."

Alilitia jani mfukoni mwa koti.

"Basi nimekusamehe wewe tu."