Baba Amepoa

"Simu mbovu nikazitazame za nini?" nilimuuliza mke wangu. Lakini Salme akishasema twende, ujue umeshakwenda. Basi Jumamosi tukatoka Uthiru tukashuka mjini mpaka makumbusho ya posta, mimi nimenuna tangu mlangoni.

Ndani tukamkuta mama mmoja, Nanjala, karani mstaafu wa telegramu, anawaelezea wageni. Akagusa mashine moja, akasema, "Hii ndiyo iliyoniponza." Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Mwaka wa themanini na saba," akasema, "kijana wa Malindi alikuja posta hapa mjini kuchukua telegramu. Maneno mawili tu: BABA AMEPOA. Sasa kwetu Bungoma kinachopoa ni uji, au maiti. Nikamwonea huruma, nikamwambia, pole, baba yako ameaga. Akatoka analia, karatasi ameitia mfukoni hata hajaisoma. Jioni mwenzangu wa Lamu ananiambia, we Nanjala, kwetu kupoa ni kupona! Nikamtafuta yule kijana, wapi! Mpaka leo sijajisamehe. Sijui nilimfanyia nini."

Nikawapenya wageni mpaka mbele yake.

"Mama," nikasema, "kijana mwenyewe ndiye mimi. Naitwa Abdalla."

Akashika meza. "Na mzee?"

"Mzee! Naingia nyumbani nalia kwa sauti, sanda kwapani, namkuta yuko barazani anakula mkate wa mofa. 'Sanda ya nani hiyo, mpumbavu wee?' Homa imemtoka juzi tu, lakini alinikimbiza na bakora mtaa mzima!"

Wageni wakavunjika mbavu. Nanjala naye akacheka, kisha machozi yakamtoka, akajifuta kwa kiganja. Moyo wangu ukalainika, na kule kununa kote kukaniisha.

"Kwa hivyo hukunilaani?" akauliza.

"Nilikulaani sana," nikakiri. "Kama wiki nzima hivi. Halafu nikaacha."

"Mwambie kwa nini uliacha," Salme akanisukuma kwa kiwiko.

Mimi nikajifanya naitazama mashine, naona haya mbele za watu. Basi akasema mwenyewe:

"Alipoikimbia ile bakora aliingia uani kwetu, mama. Mimi naanika nguo. Nikamficha nyuma ya kanga."

Akaushika mkono wa Nanjala kwa mikono yake miwili.

"Miaka yote hii tunawaambia watoto kwamba ndoa yetu haikuwa na mshenga. Kumbe mshenga ni wewe!"