Ombi Nililolitaja kwa Sauti

Siku nisiyoweza kuisahau, mwanangu, ni Jumatano moja saa kumi, nimefumba macho naomba. Nilikuwa naomba vizuri hasa, machozi yananitoka, kumbe namwangamiza mtu.

Usinitazame hivyo. Kaa, na hiyo simu iweke chini kwanza. Tangu uliponisomea asubuhi uliyoyaandika kwenye kundi lenu la maombi, jina la yule dada wa ghorofa ya chini na yaliyompata kwa mumewe, sijatulia. Hata chai imenishinda.

Nilikuwa bado mke kijana, nimeshuka kutoka Taita kumfuata babako aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Tulipanga mtaa wa Buxton, kwenye nyumba zile za zamani. Upande wa pili wa ukuta wetu alikaa Mwanaisha, binti wa Kiislamu aliyeolewa na kijana wa Kibokoni. Mtu mwema, jamani! Ramadhani nzima mimi sikuwa na haja ya kupika jioni, sahani yake ilikuja tu. Siku moja akanishika mkono jikoni kwangu, akaniambia ana kifua kikuu, ameanza dawa, na mavyaa, mamake mumewe, asijue kamwe, maana alikuwa akitafuta sababu tu ya kumtoa kwa mwanawe.

"Nimekwambia wewe peke yako, shoga."

"Nitakuombea," nikamjibu.

Na kweli nilimwombea, ndipo shida ilipoanzia. Ushirika wetu wa kina mama ulikutana sebuleni kwa Mama Rebeka, mkubwa wetu sote. Nikasimama nikamtaja Mwanaisha kwa jina, na nyumba, na ugonjwa, na mavyaa naye sikumwacha. Wakasema Amina. Nikarudi nyumbani nimefurahi, najiona nina upendo kweli kweli.

Haikupita wiki, maneno yakamfikia mavyaa. Mwanaisha alipokwenda Kibokoni kusalimia, wengine wote walitiliwa chai kwenye vikombe vya nyumba, yeye akaletewa kikombe cha bati, kipya, chake peke yake. Alirudi akafunga mlango.

Siku yake ya kliniki ilikuwa Jumatatu. Jumatatu ile hakutoka, na ya pili pia hakutoka. Mwanangu, niliishi nimeutegea sikio ule ukuta! Kikohozi kikianza, nasimama na mwiko mkononi. Kikinyamaza, ndipo naogopa zaidi. Dawa zile ukiziacha njiani ugonjwa hurudi na nguvu, hilo nililijua. Nikabisha. Nikasema mlangoni pale pale, "Shoga, dawa usiache, nakusihi."

Akanijibu kwa ndani, "Nende nikakae foleni na wenzio wa maombi?"

Nikakimbilia kwa Mama Rebeka. Nilimkuta anachagua mchele. Nikamwambia Jumatano nitasimama nitubu mbele ya wote. Hata hakuinua macho.

"Umtaje tena?"

Akaendelea kuchagua mchele.

"Mungu alikuwa hajui anakaa nyumba gani mpaka umwambie kwa sauti? Siku ile ulikuwa unasema na sisi, Mariamu. Na mimi nikaitikia Amina, kwa hiyo nami nina dhambi yangu. Toba yako nenda kaifanye kwa miguu. Mtafutie mahali pengine pa kupata dawa, ukakae naye benchini."

Kesho yake asubuhi nikarudi mlangoni. Nikamwambia kuna kliniki ya kifua Likoni, ng'ambo, hatujulikani na mtu, na nitakwenda naye kila mara mpaka dawa ziishe. Nikasimama pale hata magoti yakaniuma. Mwisho nikasikia komeo. Masikini, alikuwa amebaki mifupa.

Tukavuka Feri. Akapewa dawa zake, lakini alikuwa amechoka, akanipakatisha mfuko wa dawa apumzike kidogo. Hapo hapo, nani anaingia? Mama Furaha wa ushirika wetu, kamleta dadake! Akautazama mfuko, akanitazama mimi.

"Mariamu! Kumbe ni wewe?"

Neno moja tu, kwamba nimemsindikiza mtu, lingenitoa mimi, likamwanika yeye. Mwanaisha alikuwa ameishika ncha ya leso yangu. Nikaukumbatia ule mfuko nikasema, "Tuombeane, dada."

Jumatano iliyofuata nilifumba macho kama kawaida, nikasikia jina langu. Na kifua changu. Na babako bandarini, kama anajua au hajui. Wote wakasema Amina, isipokuwa Mama Rebeka. Chai ilipoletwa, kikombe changu kilikuja peke yake, cha bati. Nikanywa yote.

Mwenzangu alimaliza dawa, akapona, na leo ana wajukuu. Lakini usihangaike kumtafuta. Mwanaisha si jina lake, na nyumba haikuwa hiyo niliyokutajia.

Sasa nisikilize. Kumpenda Mungu na kumpenda jirani havikai mbalimbali: ukimwombea mtu kwa namna inayomwaibisha, hujampenda yeye wala hujamwomba Mungu. Aliyekupa siri amekupa nafsi yake uishike. Mwombee ukiwa peke yako, kisha inuka uende kwake. Huo ujumbe ufute sasa hivi, ingawa naogopa wameshausoma. Halafu shuka ngazi ukabishe. Huenda asifungue. Usianze kujitetea, simama tu, na kesho urudi.

Mungu akuwekee mlinzi mdomoni, akupe miguu isiyochoka kwenda kwa watu, na yule dada amtie moyo wa kukufungulia. Haya, nenda. Simu iache hapa kwangu.