Mimina Kabla ya Baridi

Siku ya kwanza kiwandani Smithfield, hapa Sydney, msimamizi wa zamu aliniuliza nimewahi kufanya kazi gani. Nikamtajia: kupakia saruji Tanga, kupika melini, kuchuma zabibu, kulinda gereji, kuosha mabasi. Akanikatiza.

"Yaani wewe hukai mahali."

"Mimi hukaa penye kitu ambacho bado sijakielewa," nikamjibu.

Akacheka, akanirushia glavu. "Basi utazeekea hapa."

Nikazeekea pale kweli. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha, na kazi ya kiwanda kile ilikuwa na maswali ya kutosha. Tulitengeneza kemikali zinazotiwa kwenye dizeli na mafuta ya mitambo ili yaendelee kutiririka kwenye baridi. Sisi Waafrika wa pale tuliziita dawa, kama tunavyoita kila kitu kinachokuja kwenye pipa lenye alama ya hatari.

Aliyenifungulia mlango wa kuelewa ni Bahati, Mkongo wa Uvira, aliyekuwa akijaza mapipa karibu nami. Kwao alikuwa dereva wa malori. Aliniona nikichungulia tangi, akasema, "Mzee, ile mawese unanunuaga ku duka ya Cabramatta, mwezi wa saba, wakati ya baridi, inakuwaga je ndani ya chupa?"

"Inaganda."

"Njo vile vile. Dizeli nayo iko na kitu ndani yake ya kuganda."

Kitu chenyewe ni nta. Imeyeyuka ndani ya dizeli, huioni. Baridi ikiingia, dizeli inapata ukungu: hizo ni chembe za nta zimeanza kuumbika. Baridi ikizidi, chembe zinashikamana, zinaziba filta, gari linazimika. Mwishoni mafuta hayatiririki kabisa, hata ukiinamisha chupa.

Haya nilielezwa na Mkemia Mkuu nilipohamishiwa maabara kuosha vyombo na kushika saa ya majaribio. Alikuwa mama wa maneno machache, lakini ukimwuliza swali la maana aliacha kalamu. Alinifundisha kwamba dawa yetu haizuii nta kuganda. Inafanya chembe zibaki ndogo, zipite kwenye filta. Na ili ifanye kazi hiyo lazima iwemo kwenye dizeli kabla ya ukungu, mafuta yakiwa bado na joto.

"Chembe zikishakua, umechelewa," alisema. "Unamimina bure. Ziko kemikali nyingine za kuyeyusha nta iliyoganda, lakini sisi hatutengenezi hizo."

Kwenye chupa zetu ndogo za madereva onyo hilo liliandikwa mbele kwa sentensi moja, kwa herufi kubwa: mimina kabla ya baridi. Watu wa Sydney hawajui baridi ya kugandisha dizeli. Wanajaza tangi huku chini, wanapanda milima ya kusini kuona theluji, na asubuhi gari haliwaki. Sentensi ile ndiyo iliyokuwa dawa yenyewe.

Kisha akaja Meneja wa Mauzo mpya. Siku moja nilipeleka chupa za sampuli kwenye chumba cha mikutano, nikamsikia.

"Hakuna mtu anayenunua kitu cha kumkumbusha kupanga mapema," alisema. "Mtu ananunua kuokolewa. Andikeni: huokoa dizeli iliyoganda."

Mkemia Mkuu akasema, "Haiokoi."

"Inasaidia, si ndiyo?"

"Ikitiwa mapema."

"Basi inasaidia. Tusonge mbele."

Wakasonga mbele. Maneno ya zamani yakahamia nyuma ya chupa, yakapungua, na katika toleo lililofuata hayakuwepo tena. Hawakukosa elimu wale. Walijua, wakachagua.

Wakati huo Bahati alikuwa ameshaondoka kiwandani. Aliendesha basi la nyumba ya wazee St Marys, na kila majira ya baridi aliwapeleka wazee milimani. Mwaka huo walilala kwenye hoteli ya juu. Asubuhi alipasha injini moto, akapakia wazee, wakashuka kidogo, basi likazimika barabarani. Bahati hakubabaika. Alitoa chupa yetu yenye maneno mapya, akasoma, akaimimina yote tangini. Basi halikuwaka. Mpaka msaada ulipofika, bibi mmoja alikuwa amezidiwa na baridi kiasi cha kupelekwa hospitali. Alipona, lakini Bahati alisimamishwa kazi. Kampuni yetu ilipoulizwa ikajibu kwamba dereva hakufuata maelekezo, na kwamba huenda Kiingereza kilimshinda.

Kiingereza! Bahati alinikalisha jikoni kwake, akaiweka chupa mezani.

"Mzee, nilisoma. Nilisoma mara mingi. Iko imeandikwa inaokoa dizeli yenye iliganda. Dizeli iliganda. Sasa mimi nilikosea wapi?"

Nilimwendea Mkemia Mkuu, nikamwomba aje kusema ukweli kwenye kikao ambacho nyumba ya wazee iliitisha kumjadili Bahati. Akatazama mlango kwanza. "Siwezi," alisema. "Lakini unakumbuka lile jaribio nililokufundisha?"

Nilikumbuka. Siku ya kikao niliingia chumba cha kulia cha nyumba ya wazee na ndoo ya barafu iliyotiwa chumvi ili baridi izidi, na mitungi midogo miwili ya dizeli. Mmoja niliutia dawa ukiwa na joto, kisha nikaizamisha yote miwili barafuni. Wa pili niliungoja uingie ukungu mzito ndipo nikautia. Tulisubiri, tukinywa chai. Kisha nikamimina kila mmoja juu ya filta. Wa kwanza ulipita, mchafu mchafu lakini ukapita. Wa pili ulikaa juu ya filta kama uji uliosahaulika.

Mkurugenzi wa nyumba akaigeuza chupa mkononi. "Nani aliandika maneno haya?"

"Ofisi ninayofanyia kazi."

"Na bado umekuja?"

"Wao hawakuja."

Bahati akarudishiwa basi lake. Haukupita muda, kule ofisini kwetu wakagundua kwamba umri wangu wa kupumzika umefika. Keki ikaletwa. Meneja wa Mauzo akanishika mkono, akasema nimekuwa mtu mwaminifu, akanikabidhi zawadi: katoni ya chupa zetu. Maneno yalikuwa yale yale.

Vijana mnaoingia viwandani sasa, mtasikia mengi kuhusu usalama kazini: kofia, buti, miwani. Vaeni. Lakini ulizeni pia kinachoandikwa juu ya kitu mnachokijaza kwa mikono yenu, maana kikimwangusha mtu mbali huko, ataambiwa hajui kusoma. Mimi nimepumzika; hasira yangu bado iko kazini.

Katoni sikuitupa. Nilinunua kalamu ya wino mzito, nikaandika mbele ya kila chupa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: mimina kabla ya baridi. Nikazigawa kwa madereva wetu baada ya ibada. Bahati alipokea yake, akaishika mbali na macho, kisha karibu.

"Mzee, hii mwandiko yako ni mubaya sana."

"Inasomeka?"

Akafungua mfuniko, tukiwa bado juani, akaenda kwenye tangi la basi.

"Inasomeka."