Aliyenisindikiza Hadi Getini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilitoka kwenye yadi ya Mjapani kwa maringo, masikio yote nimeyaacha nyuma, nikisubiri kuitwa. Wewe Jumapili unapanda ndege kwenda huko huko kununua spea, basi weka kwanza hiyo simu unisikilize. Kahawa ipo, na leo dukani hakuna pilika.

Hili duka la Gerezani unaloliona lilikuwa la ami yangu, Ami Salim, Mungu amrehemu. Injini zake alikuwa akizitoa kwa mzee mmoja wa Nagoya, Mzee Tanaka, na mafundi wa Ilala walijua kwamba injini ya Ami Salim ukishaifunga, huirudii tena. Mwaka ambao magoti yalimkatalia safari, akanituma mimi. Akanipa na boksi la halua nimpelekee mzee wa watu. "Ukiharibu kwa Tanaka," aliniambia, "hatuna duka." Nikamjibu asiwe na wasi, mimi mtoto wa Kariakoo.

Na kweli nilikuwa mtoto wa Kariakoo. Kwetu bei ya kwanza ni salamu tu. Unatajiwa, unacheka, unakata nusu, muuzaji anaapa kwamba unamtia umaskini, unageuka kuondoka pole pole, naye anakuita, njoo bwana, lete hiyo hiyo. Asiyeondoka hajanunua huyo, kaibiwa. Basi halua nikaiacha begini, nikasema nitaitoa bei ikishuka. Ujanja huo!

Mzee Tanaka alinikaribisha chai, akanionyesha injini alizomtengea Ami, kazipangusa hadi zinang'aa, akataja bei. Rajabu, kijana wa Tanga aliyekuwa akisoma kule, ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Nikacheka, nikakata nusu. Mzee akatazama chini. Nikaacha chai mezani, nikabeba begi, huyoo nikatoka.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Moyo ukaniambia, ameshanasa. Nikapunguza mwendo nisimchoshe. Kufika getini nikageuka na uso wa mtu anayebembelezwa, nikamkuta Mzee Tanaka ameinama, mikono mapajani. Nikaenda mbele, nikageuka, bado ameinama. Nikafika kwenye kona, bado.

"Anasemaje?" nikamwuliza Rajabu.

"Hasemi kitu, kaka. Amekuaga."

Loh! Nikakaa ukingoni mwa barabara na baridi ile. Akilini nilimwona Ami na magoti yake akikaa kwenye duka lisilo na kitu, na aliyelimaliza ni mimi. Nikampigia simu, nikamsimulia bila kuficha. Ukali niliouogopa sikuusikia. Aliuliza tu, je, halua mzee kaipokeaje. Nikasema bado ninayo. Akashusha pumzi.

"Wewe umemwendea muuzaji, mwenzio kapokea mgeni," akasema. "Bibi yako alikuwa akimsindikiza mgeni mpaka wapi?"

Mpaka Mnazi Mmoja, mwanangu. Bibi yangu, na miguu yake ile mibovu, alikuwa akitoka nyumbani Kariakoo na mgeni wake mpaka Mnazi Mmoja, akifika hapo anasimama mpaka mgeni apotee machoni. Nami nilikuwa nimesindikizwa vile vile, na wala sikujua. Niliona haya, lakini nilifurahi pia. Nadhani ni kwa sababu tangu dakika ile Nagoya haikuwa tena ugenini kwangu.

Kesho yake nikarudi na halua mkononi. Injini sikuzitaja. Nikamwuliza hali ya mkewe, nikamweleza magoti ya Ami, nikanywa chai nikaimaliza. Akaonja halua, akafumba macho, akaomba kipande kingine. Ndipo akamwambia Rajabu kwa sauti ndogo kwamba jana alidhani amenikosea, ila kosa lake hakulijua. Bei aliyotaja ndiyo aliyokuwa nayo. Angekuwa na ya chini, angeanza na hiyo. Injini zilikuwa pale pale, hakumuuzia mtu, kwa sababu zilikuwa za Salim. Nikazilipia bei ile ile.

Baadaye naye alikuja kututembelea hapa Bongo. Nikampeleka Mtaa wa Congo kumnunulia mkewe kanga, nikamfundisha kuondoka pole pole. Akaondoka, akaitwa, akageuka, akamwinamia muuzaji. Watu walicheka mpaka machozi, na kanga akapewa kwa bei ya mwenyeji.

Basi, mwanangu, ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Maneno ya sokoni kwetu yaache sokoni kwetu, yatakungoja. Zawadi itoe wakati wa salamu, usiifanye chambo. Chai uliyokaribishwa imalize hata kama haina sukari, na kule haina, ujue mapema. Uliza habari za nyumbani kwa mtu kabla ya bei yake. Ukiona ameinama getini, nawe simama, uiname. Mali utaipata popote, lakini mtu wa kukuwekea mali usipokuwepo humpati kwa kukata nusu.

Mungu akutangulie, akufungulie milango ya watu wema, akurudishe na heri kwa mama yako. Haya, inuka nikusindikize. Magoti yangu siku hizi yamekuwa kama ya Ami, lakini Mnazi Mmoja tutafika.